Treni itafika saa ngapi? Namna ratiba ya usiku inapangwa, na kwa nini Kalemie inapaswa kuifuata

Katika Kalemie, swali la treni haliko tu swali la siku gani. Liko pia swali la saa. Treni yenye inaingia gare saa nane ya mchana na treni yenye inaingia saa nane ya usiku si kitu kimoja, hata kama zimebeba watu wale wale na mizigo ile ile. Ya mchana inakuta soko, pikipiki, ndugu wenye walikuja kupokea. Ya usiku inakuta giza, na mama mwenye vikapu vya ndakala analala juu yake mpaka jua litoke, sababu hana namna ingine ya kuvilinda.

Watu wengi wanafikiri hiyo ni bahati tu: treni imechelewa, basi imeangukia usiku. Mara mingi ni vile. Lakini kuna treni zenye zingefika usiku hata kama hazingechelewa, sababu saa ya kutoka ilichaguliwa bila kuhesabu saa ya kufika. Kuelewa hesabu hiyo kunasaidia wakaaji kujua ni nini wanaweza kuomba, na ni nini haiwezekani mpaka reli yenyewe itengenezwe.

Njia hii ilitoka wapi

Reli ya Kalemie ilijengwa na kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha mto Kongo ya juu na Maziwa Makubwa. Kipande cha kutoka Kabalo kilifika ziwani mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na mji ukiitwa bado Albertville. Wakati ule reli ilikuwa inasaidia meli: mizigo inatoka mtoni Lualaba, inapanda treni, inashuka kwenye bandari, inavuka ziwa mpaka Kigoma, kiisha inachukua reli ingine mpaka Dar es Salaam.

Mwaka 1956 njia ya Kabalo iliunganishwa na Kamina, na toka hapo mtu angeweza kutoka Kalemie mpaka Elisabethville, yaani Lubumbashi, bila kuacha reli. Leo njia hizi zote ziko chini ya SNCC, kampuni ya serikali yenye makao makuu Lubumbashi. Vita vya 1998 mpaka 2003 viliikata njia vipande viwili, Kalemie upande mmoja na Lubumbashi upande mwingine. Nyuma ya vita treni zilirudi, lakini ratiba ya kudumu, yenye mtu anaweza kuitegemea mwezi hata mwezi, ndiyo kitu kilichokuwa kigumu zaidi kurudisha.

Ratiba si karatasi ya ukutani

Ratiba, ile wengi wanaita orere, inaonekana kama orodha ya masaa tu. Kwa kweli ni mapatano kati ya vitu vinne: reli, lokomotivu, wafanyakazi, na treni zingine zenye zinatumia njia ile ile. Kimoja kikikosa, masaa yote yanaanguka.

Kutoka Kalemie mpaka Kabalo reli ni moja. Treni mbili zenye zinakutana uso kwa uso haziwezi kupita. Lazima moja ingoje kwenye gare yenye reli ya pembeni, ingine ipite, ndipo ya kwanza iendelee. Kama treni ya kutoka Kabalo imechelewa masaa matatu, ile ya kutoka Kalemie yenye inaingoja inachelewa pia, hata kama yenyewe ilitoka saa yake kamili. Ndiyo sababu abiria anaweza kukaa masaa katika gare ndogo bila kuona shida yoyote kwenye treni yake. Shida iko mbele, kilomita nyingi, na hakuna mtu amemwambia.

Lokomotivu nayo inafanya kazi ya kwenda na kurudi. Ile yenye inaleta treni leo ndiyo itavuta treni ya kesho. Ikifika nyuma ya saa, itatoka nyuma ya saa, na ucheleweshaji wa siku ya pili unaonekana tena siku ya tano. Mahali kuna lokomotivu ya akiba, ugonjwa huo unapona haraka. Mahali haiko, unaendelea.

Hesabu ya giza

Katika Kalemie jua linatoka karibu saa kumi na mbili ya asubuhi na linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, mwaka wote. Kwa hiyo kila mtu anaweza kufanya hesabu hii nyumbani.

Kalemie na Kabalo ziko mbali karibu kilomita 270 kwa reli. Tuseme treni inatembea, kwa wastani na kusimama kwote ndani yake, kilomita 30 kwa saa. Safari itachukua masaa 9. Kama reli ni mbaya na wastani ni kilomita 20 kwa saa, safari itachukua masaa 13 na nusu. Hizi si ratiba za SNCC. Ni mifano ya kuonyesha namna saa ya kutoka inaamua saa ya kufika.

Treni ikitoka saa tisa ya alasiri, abiria anafurahi: amepata wakati wa kufunga mizigo na kula. Lakini kwa mwendo wa 30 atafika saa sita ya usiku. Kwa mwendo wa 20 atafika saa kumi na nusu, mbele ya alfajiri. Katika hali zote mbili anashuka gizani.

Ikitoka saa tatu ya usiku, kwa mwendo wa 30 itafika saa kumi na mbili ya asubuhi. Kwa mwendo wa 20 itafika saa nne na nusu ya asubuhi. Hali zote mbili ni mchana. Na hata ikiongeza masaa matatu ya kuchelewa, bado jua liko.

Ikitoka saa kumi na moja ya alfajiri, kwa mwendo wa 30 itafika saa nane ya mchana. Kwa mwendo wa 20 itafika saa kumi na mbili na nusu ya jioni, giza likiwa limeingia sasa hivi. Hapo kuchelewa kidogo tu kunaharibu.

Hesabu hii inaonyesha jambo lenye wengi hawalioni: saa ya kutoka yenye inaonekana nzuri kwa abiria, ile ya alasiri, ndiyo mbaya zaidi. Na treni ya usiku, yenye watu wanaiogopa, inaweza kuwa ndiyo yenye inalinda mtu vizuri, kama inatoka usiku kweli na kufika asubuhi. Mtengenezaji wa ratiba mwenye akili anaanza na saa ya kufika, kiisha anarudi nyuma mpaka saa ya kutoka. Tena anajiuliza: treni ikichelewa, kuchelewa huko kutaangukia mchana ama usiku?

Nani anabeba usiku?

Lakini treni haina gare mbili tu. Kati ya Kalemie na Kabalo kuko Niemba, kuko Nyunzu, na vituo vingine vidogo. Nyunzu iko karibu katikati ya njia. Treni ya saa tatu ya usiku, yenye ni nzuri kwa Kalemie na Kabalo, itapita katikati ya njia kati ya saa saba na nusu na saa kumi ya usiku. Mkaaji wa Nyunzu ndiye atasimama gizani na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo treni ya usiku haiondoi giza. Inalihamisha kutoka mji mkubwa mpaka mji mdogo. Na miji midogo ya njia hii ndiyo yenye iliumia sana na usalama mubaya: mapigano kati ya Batwa na Baluba, yenye yalipanda sana kuanzia 2016, yalifukuza watu wengi katika vijiji vya Nyunzu na Kalemie. Kwa mtu wa vijiji hivyo, kutembea kilomita tano usiku kutoka gare mpaka nyumbani si jambo la kuzoea tu.

Kwa safari ndefu ya mpaka Kamina na Lubumbashi, hakuna ratiba yenye inaweza kuepuka usiku kabisa, sababu safari inapita siku moja. Kile kinachowezekana ni kuchagua usiku uangukie wapi. Bora uangukie njiani katikati ya gare, watu wakiwa wamelala ndani ya wago, ama kwenye gare kubwa yenye taa, polisi na mahali pa kukaa. Na kwa gare za katikati, treni ya kwenda ikipita usiku, ya kurudi ingepita mchana, kusudi kila mji upate angalau safari moja ya jua.

Reli mbaya inaongeza sababu ya kuogopa giza

Kuna kizuizi kingine kikubwa kuliko saa. Mahali reli imechoka, mahali mbao za chini zimeoza ama mvua imekula udongo, mashinisti anaambiwa apunguze mwendo. Mchana anaona mbele: mti umeanguka, maji yamepita juu ya reli, ng'ombe amesimama. Usiku anaona tu kile taa yake inaangaza, na treni nzito haisimami mara moja kama pikipiki.

Ajali kubwa za reli katika Kongo zilikuja mara mingi gizani. Tarehe 1 mwezi wa 8, 2007, usiku, treni ya mizigo ilianguka karibu na Benaleka katika Kasaï, na karibu watu 100 wakafa. Tarehe 12 mwezi wa 9, 2019, karibu saa tisa ya usiku, treni iliacha reli pale Mayibaridi, hapa katika jimbo la Tanganyika. Waziri mmoja alitangaza kwanza vifo 50. Hesabu zenye zilifuata zilikuwa chini ya hapo. Tarehe 10 mwezi wa 3, 2022, karibu saa sita ya usiku, treni ya mizigo yenye ilikuwa inaelekea Tenke ilianguka korongoni pale Buyofwe, katika Lualaba. Watu zaidi ya 60 walikufa.

Haiko haki kusema usiku ndiyo uliangusha treni hizo. Ajali ingine kubwa, ile ya Katongola karibu na Kamina mwaka 2014, inakumbusha kwamba reli mbaya na mwendo mubaya havichagui saa. Lakini usiku unafanya kila ajali kuwa nzito zaidi: waokoaji wanachelewa, majeruhi hawaonekani, na kijiji cha karibu kinafika na tochi za simu tu.

Kuna tena jambo moja lenye linaunganisha ajali hizi na ratiba. Wengi waliokufa pale Buyofwe walikuwa juu ya treni ya mizigo, si ya abiria. Watu wanapanda mawago ya mizigo sababu treni ya abiria haiko, ama haijulikani itakuja lini, na barabara ni mbaya. Mtu mwenye anajua kwamba treni ya abiria itapita siku ya nne asubuhi anaweza kungoja siku mbili. Mwenye hajui kitu, anapanda ile imepita. Ratiba ya kuaminika, basi, inazuia pia vifo.

Kabalo, bandari, na saa mbili tofauti

Ratiba nzuri inaangalia pia kile kinafuata nyuma ya treni. Pale Kabalo njia inagawanyika: moja inaelekea Kongolo na Kindu, ingine inashuka Kamina na Lubumbashi. Treni mbili zikipishana kwa masaa mawili, abiria anabadilisha na kuendelea. Zikipishana kwa siku mbili, analala Kabalo, anakula pesa ya biashara yake, na samaki wake wanashuka bei ama wanaoza.

Upande wa Kalemie kuna ziwa. Bidhaa za Kigoma zinafika na mashua na meli, na hapa kuna mtego mdogo wenye wageni wanauangukia: Tanzania iko saa moja mbele yetu. Saa tatu ya Kigoma ni saa mbili ya Kalemie. Tena kuna njia mbili za kusema masaa. Mtu akiandika "21" anafikiri kama ofisi. Mtu akisema "saa tatu" anafikiri kama nyumbani. Tangazo la treni linapaswa kusema yote mawili, na kuandika wazi "ya usiku" ama "ya asubuhi". Ni kitu kidogo, hakiombi hata franka moja, na kinaondoa makosa mengi.

Nini inaweza kubadilishwa sasa

Kutengeneza reli kunaomba pesa nyingi na miaka. Mpango mkubwa wa usafiri wenye Banki ya Dunia ilikubali mwaka 2010, na SNCC ndani yake, ulisaidia kununua lokomotivu mpya na kutengeneza vipande vya reli, lakini njia ni ndefu: mtandao wa SNCC una zaidi ya kilomita 3,600. Kungoja yote yatengenezwe mbele ya kupanga masaa ni kungoja sana. Kuna mambo yenye yanaweza kuanza na reli ile ile.

Kwanza, kuandika masaa ya ukweli. Ratiba yenye inaahidi masaa 9 wakati safari inachukua 13 ni uongo ulioandikwa. Bora kuahidi 14 na kufika mbele ya saa.

Pili, siku za kudumu. Treni moja kwa mwezi, lakini tarehe inajulikana, inasaidia biashara kuliko treni mbili zenye zinakuja kama mvua ya mwezi wa tisa.

Tatu, kutangaza treni ikiwa njiani. Treni ikipita Nyunzu, shefu wa gare anajua. Ujumbe mmoja kutoka Nyunzu mpaka Kalemie na Kabalo, kiisha mpaka kwenye radio za mji, unaweza kuambia familia: msitoke nyumbani sasa, treni itafika nyuma ya masaa sita. Kuchelewa kunabaki, lakini kungoja gizani kunaisha.

Ine, gare yenye inapokea treni ya usiku iwe gare kweli: taa za sola, maji, choo, paa, mahali pa kufungia mizigo, polisi wenye wanajua saa ya treni. Na abiria aruhusiwe kulala ndani ya wago mpaka asubuhi kama treni imefika usiku katikati. Katika inchi zingine treni za kulala zinafanya vile vile: zinafika, milango inabaki wazi, watu wanashuka jua likitoka.

Wengine wanafanya namna gani

Kenya, treni ya Madaraka Express ilianza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, zaidi ya kilomita 470. Iko treni ya usiku yenye inatoka saa ine ya usiku pande zote mbili na kufika mbele ya alfajiri. Saa ya kufika ni ngumu, lakini inajulikana, na ndani ya Nairobi kuko treni ndogo zenye zimepangwa kufuata treni kubwa, kwa kupeleka watu katikati ya mji. Tanzania, treni za umeme zilianza mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma. Lakini hata reli yao ya zamani ya Kigoma, yenye ni ya umri wa yetu, inatembea kwa siku zenye zinajulikana ndani ya juma.

Uswisi, mwaka 1982, walibadilisha ratiba ya inchi nzima: treni kila saa, dakika ile ile, na treni zikutane kwenye gare kubwa kusudi watu wabadilishe bila kungoja. Uswisi ina pesa na Tanganyika haina. Lakini wazo lao halikuwa la pesa kwanza. Walianza kwa kuamua wapi treni zikutane na saa gani, kiisha wakajenga reli kwa kufuata uamuzi huo.

Maswali ya kuuliza mbele ya kununua biye

Kwa mkaaji mwenye anataka kusafiri, maswali manne yanasaidia. Treni hii imetoka mwisho lini, na ilifika saa ngapi? Lokomotivu imeshafika ama inangojewa? Itapishana na treni ingine wapi? Nikishuka usiku, gare yangu ina taa na mtu wa zamu?

Na kwa wale wanaoketi na viongozi, katika vikao vya wafanyabiashara, vya akina mama wa soko ama vya mitaa, ombi linaweza kuwa fupi. Kuomba "treni zaidi" ni haki, lakini jibu litakuwa kila mara pesa hakuna. Kuomba tarehe za kudumu, masaa ya ukweli, taa kwenye gare tatu na ujumbe mmoja kutoka Nyunzu ni ombi lenye mtu anaweza kulijibu ndiyo ama hapana, na lenye wakaaji wanaweza kulifuatilia wenyewe mwezi kwa mwezi.